Kitabu na chungu vimfikie mtoto pamoja

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Takwimu hiyo inapaswa kutuuma sisi wa Tarime na Serengeti, maana ardhi yetu inatoa ndizi, mahindi, mtama na maharage, maziwa yapo, na dagaa wa Ziwa Victoria hufika magulioni. Kinachokosekana mara nyingi ni mchanganyiko wa vyakula katika sahani ya mtoto. Ili mtoto avizoee vyakula hivyo, tunawasihi wazazi wasome na watoto wao, kisha wapike nao: hadithi inayotaja maharage ifuatwe na kuyachambua, kuyahesabu na kuyaonja. Mboga aliyoikataa leo, mtoto huweza kuizoea akionjeshwa tena na tena bila kulazimishwa.

Wapo watakaosema kuwa kusoma hakujazi chungu, na wana haki. Familia isiyo na akiba inahitaji chakula kwanza. Lakini hata penye chakula, yupo anayeamua mayai yote yauzwe au moja libaki kwa mtoto, na mara nyingi ni baba. Kwa hiyo naye akae hapo jikoni, kitabu mkononi. Vitabu ni adimu, kweli. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Sehemu ya fedha hizo inunue vitabu vya picha vya kuazimisha kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji.