Eksirei ya Jino Lako Inaeza Kuchezewa na Hata Daktari Asishtuke

Msee akikuonyesha mesej ya M-Pesa kwa simu yake, unamwambia angoje ucheki kwa yako kwanza. Lakini daktari wa meno akikuonyesha kivuli cheusi kwa skrini na kusema jino limeoza, unafungua mdomo na kutoa doh. Hakuna anayeuliza hiyo picha imetoka wapi.

Na hapo ndipo kuna noma. Eksirei ya siku hizi ni faili ya kompyuta tu, si filamu. Jino lililotoboka huonyesha kivuli cheusi, lililojazwa huwa na doa jeupe. Haina rangi, kwa hivyo mtu mwenye programu ya kawaida ya kuhariri picha anaeza kukopi kivuli kutoka jino moja na kukibandika kwa lingine. Ni rahisi kuliko kufuta chunusi kwa selfie.

Unadhani mtaalamu atagundua? Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walifunza kompyuta kuongeza na kufuta saratani kwa picha za CT za mapafu. Wataalamu 3 wakaingia boksi: palipoongezwa saratani feki, 99% ya majibu yalisema mgonjwa anayo. Palipofutwa, 94% yalisema yuko fiti. Hata walipoambiwa kuna picha zimechezewa, bado walidanganywa kwa 60% na 87%.

Hayo ni mapafu, lakini kwa meno onyo ni la kitambo. Mwaka wa 1999, jarida la chama cha madaktari wa meno Marekani lilichapisha makala kuhusu vile eksirei za kidijitali zinaeza kutumika kulaghai bima.

Wala si lazima awe haka. Mtu mwenye nywila ya kompyuta ya kliniki anatosha. Jino zima linaandikiwa matibabu, pesa zako za bima za mwaka zinaisha. Mbaya zaidi, linachimbwa kweli, na ganda la jino likishachimbwa halimei tena.

Madaktari wengi ni wasafi. Shida ni kwamba hata msafi hawezi kukuthibitishia kwa macho tu. Faili za hospitali za aina ya DICOM zinaeza kubeba sahihi ya kidijitali, ambayo hukataa mtu akigusa hata nukta moja. Lakini kuiweka si lazima, na ukitumiwa picha kwa WhatsApp, ulinzi wote unabaki nyuma.

Sasa ufanye?

Kwanza, omba kuona picha ikiingia kwa skrini pale pale, kabla mtu hajakaa nayo.

Pili, itisha faili yenyewe, si skrinshoti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako.

Tatu, kama kazi ni ya pesa mob, enda kwa daktari mwingine akupige eksirei mpya. Akisoma ile ya kwanza, na yeye atadanganyika vile vile.

Bima nazo ziache kulipa kwa kuangalia picha tu. Zidai faili yenye sahihi. Zikikataa, anayeumia ni wewe.

Ushawahi kuitisha faili ya eksirei yako, ama huwa unapewa bili tu?