NENO LA JUMA HILI: Hotuba ya Kuwavuta Watu



Wahenga walisema, maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Lakini mtoto akiambiwa katika mtihani wa Kiingereza aandike hotuba ya kuwavuta watu, wazazi wengi hunyamaza, wakidhani hawana la kumfaa kwa kuwa Kiingereza chao ni haba. Hapo wajidhulumu. Lugha ni ya Kiingereza, bali kazi yenyewe twaijua tangu zamani barazani.

Nayo si kazi ya kupuuzwa. Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60. Katika hizo, 20 ni za maandishi ya shughuli, kama vile barua, ripoti na hotuba.

Wanafunzi wengi hukariri maneno makubwa, wakasahau wanasema na nani. Yafaa mtoto aanze kwa kuwasalimu wakubwa kwa daraja zao, kisha ataje jambo moja analolitaka. Atoe sababu mbili au tatu, kila moja na mfano wake. Halafu ataje neno la mpinzani na kulijibu kwa adabu. Mwisho aombe tendo linalowezekana, ashukuru, aketi.

Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akihutubia watu. Ombi lake lilikuwa wazi: nafasi za masomo katika vyuo, na fedha za kuwasafirisha wanafunzi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, wanafunzi 81 wa Afrika ya Mashariki walipanda ndege kwenda New York. Waliomsikia walijua hasa wameombwa nini.

Basi, mzazi, jioni kazi zikiisha, mwite mwanao akusomee hotuba yake kwa sauti. Kisha mwulize, hata kwa lugha ya nyumbani, maswali matatu: Unasema na nani? Unataka wafanye nini? Asiyekubali utamjibu nini? Akikujibu bila kusitasita, mpe heko. Akishindwa, mrudishe mezani kwa upole, hata kama Kiingereza chake ni cha fahari; maana heri ashindwe mbele yako leo kuliko mbele ya msahihishaji, ambaye hatamwuliza mara ya pili.