Moyo wetu haumo kwenye sampuli

Wenzangu, Shiling mnaijua kwa mikoba. Fundi pale hakati ngozi kabla hajapata sampuli. Sasa jamani, sampuli ya moyo imetoka wapi?

Ugonjwa wa misuli ya moyo unatazamwa kwa picha. Eko inaonyesha unene wa ukuta na damu inayosukumwa, MRI inaonyesha kovu, na daktari anakadiria nani yuko hatarini kufa ghafla. Safi. Lakini kanuni ya HCM Risk-SCD ya 2014, inayotabiri miaka 5 mbele kwa wenye misuli iliyonenepa, ilitokana na wagonjwa 3,675 wa vituo 6 vya Ulaya. Programu ya EchoNet-Dynamic ya 2020 ilitengenezwa na kujaribiwa kwa video 10,030 za Stanford.

Kwetu je? Ule ugonjwa wa kovu la utando wa ndani ya moyo Davies aliueleza Uganda mwaka 1948. Tuna pia kina mama ambao moyo unachoka wakishajifungua. Kanuni ile haiwahusu kabisa.

Mimi mhandisi, si daktari, ila hesabu naijua: picha bila kujua mgonjwa aliishia wapi haitabiri kitu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar, ipo tangu 2015 na eko zinapigwa. Tuombe kushirikiana nao, kwa vibali, na tuwe na mtu wa kuwapigia simu wagonjwa kila mwaka. Kazi hiyo inachosha, haina sifa. Unayeanza tasnifu ya picha, ongea na msimamizi wako kabla hujapakua data za watu.