Ulimi wa Kampeni na Dhamiri Yetu



Jimbo la uchaguzi la Arusha Mjini ni makao ya wengi: Waarusha, Wameru, Wachaga, Wapare, Warangi na wengineo, Wakristo kwa Waislamu. Mwaka 2010 Ndugu Godbless Lema wa CHADEMA alimshinda Dkt. Batilda Burian wa CCM. Wapiga kura watatu walifungua kesi, wakidai kuwa mshindi alimtolea mpinzani wake lugha ya matusi katika kampeni. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ushindi huo; Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani iliurejesha, kwa kuwa walalamikaji hawakuonyesha kwamba haki zao wenyewe zilivunjwa.

Sheria iliamua nani aweza kushitaki. Dhamiri haingoji mshitaki. Mgombea yeyote akidhalilishwa kwa jinsia, dini au asili yake, sisi tunaopiga makofi tunashiriki dhambi hiyo. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wafundisheni waamini kumpima mgombea kwa sera na uadilifu. Matusi yakianza jukwaani, tuondoke. Uchaguzi ukiisha, tutakutana tena sokoni na misibani.