KISWAHILI SANIFU: CHA TAIFA AU CHA MAJUKWAANI?

Kila tarehe 7 Julai vigogo hupanda jukwaani kutukumbusha kuwa Kiswahili ndicho kitambulisho chetu. Makofi yanapigwa. Wakishuka, watoto wao wanarudi kwenye shule za Kiingereza. Sisi wa vijiweni Kinondoni na Temeke tunabaki tukijiuliza: kitambulisho hiki kinafungua mlango gani?

Hebu turudi nyuma kidogo. Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 mkutano wa wakoloni huko Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wake. Kimvita, lahaja ya malenga Muyaka bin Haji, kikaachwa, ingawa wamisionari wa Mombasa walikipigania. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake Frederick Johnson, Mwingereza. Ilipoanza haikuwa na mjumbe Mwafrika. Yaani mgeni ndiye aliyemsahihisha mwenye lugha!

Mambo yangeishia hapo, leo tungekuwa na lugha ya ofisini tu. Walioitia damu ni watu. TANU ilizunguka Tanganyika ikidai uhuru kwa Kiswahili, Msukuma na Mmakonde wakaelewana bila mkalimani. Watazameni Wakurdi. Wako mamilioni, wamegawanywa kati ya Uturuki, Iraki, Irani na Syria. Kikurmanji kiliandikiwa herufi za Kilatini katika jarida la Hawar, lililoanza Damascus mwaka 1932. Kisorani kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mpaka leo hawana sanifu moja, na kudai lugha tu kumewafunga wengi jela. Sisi nchi tunayo, sanifu tunayo, tena bila kumwaga damu. Halafu tunaiogopa!

BAKITA iliundwa mwaka 1967 kusimamia lugha. Sawa, kazi imefanya, ingawa mtaa nao una baraza lake. Wataalamu walitaka kompyuta tuiite ngamizi. Mtaa ukakataa, kompyuta ikabaki kompyuta. Daladala na machinga havikusubiri kikao cha mtu.

Lakini maneno si tatizo. Nyerere alimtafsiri Shakespeare mwaka 1963. Lugha inayombeba Julius Caesar inashindwaje kubeba fizikia ya kidato cha pili? Mwaka 1982 tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Sera ya Elimu ya 2014 ikatamka Kiswahili kitumike ngazi zote. Ikawekwa kabatini. Hata mahakamani, sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilipita mwaka 2021, miaka 60 baada ya uhuru. Kabla ya hapo mlalahoi aliweza kufungwa kwa hukumu asiyoweza kuisoma.

Sisi tuliosoma sekondari za serikali tunaujua mchezo. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, darasa zima linaelewa, kisha anaandika ubaoni kwa Kiingereza nasi tunakariri. Siku ya mtihani anayejua jibu anakosa maneno. Anapewa sifuri, anaitwa mbumbumbu, anaishia kuuza soksi barabarani. Akiwa pale barabarani anajumlisha, anatoa na kupiga asilimia ya faida kichwani, kwa Kiswahili, bila kukosea hata shilingi.

Waheshimiwa, Julai ijayo mkipanda tena jukwaani, tuambieni jambo moja tu: ni mwaka gani mtihani wa fizikia wa kidato cha nne utakuja kwa lugha ya taifa?