Kompyuta ya Kliniki Ikifa, Mgonjwa Asipotee

Kompyuta ya mapokezi ikigoma kuwaka katika kliniki ya Kariakoo, kimbilio la kwanza ni fundi. Diski mpya hupatikana mtaa wa pili kabla ya adhuhuri, na wengi hudhani shida imekwisha. Lakini diski hiyo ni tupu: haina mfumo endeshi, haina programu ya kliniki, wala haimjui mgonjwa hata mmoja.

Kituo kinachojivunia kuwa na "bakapu" mara nyingi huwa na faili chache za data kwenye flashi. Faili hizo ni za thamani, ila haziwezi kuiamsha kompyuta iliyokufa. Njia kamili zaidi ni kunakili diski nzima kama ilivyo, yaani mfumo endeshi, programu, mipangilio na data, iwe taswira moja. Siku ya msiba, mashine huwashwa kwa flashi ya uokoaji iliyoandaliwa mapema, kisha taswira ile hurejeshwa juu ya diski tupu. Fundi haanzi tena kusakinisha programu moja baada ya nyingine. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Na mashine ya aina nyingine huenda ikadai viendeshi vyake.

Anayeumia katika kuchelewa huku si fundi. Kliniki ya tiba na matunzo ya VVU inayotumia hifadhidata ya CTC2 huitunza katika kompyuta ya kituo. Mfumo wa DHIS2 wa wizara hupokea jumla tu. Hauwezi kumrudisha mama aliyebadilishiwa dawa mwezi uliopita. Ndiyo sababu kadi ya CTC1 anayobaki nayo mgonjwa haipaswi kudharauliwa, wala kusahauliwa nyumbani.

Kosa jingine ni kuiweka nakala kabatini, hatua mbili kutoka kwenye kompyuta. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021; moto wa namna hiyo huiteketeza mashine pamoja na nakala yake. Kuiacha diski ya nakala ikiwa imechomekwa daima ni hatari vilevile. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilifunga faili za kompyuta za hospitali nchini Uingereza, na miadi inayokadiriwa kuzidi 19,000 ikafutwa. Programu za aina hiyo huweza kuifunga hata nakala iliyochomekwa. Basi nakala moja ikae jengo jingine, ikiwa imechomolewa na kulindwa kwa usimbaji fiche. Ndani yake mna siri za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu. Hata diski mbovu anayoachiwa fundi bado ina wagonjwa ndani yake.

Wasimamizi husema fedha hazitoshi. Hoja hiyo ina uzito kwa kituo kidogo, lakini pengo kubwa zaidi ni la muda: diski hununuliwa, jaribio halifanyiki. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Jaribio lifanyike Jumamosi alasiri, wagonjwa wakishaondoka, kwenye mashine ya akiba na si ile ya kazi. Mhudumu wa mapokezi, wala si fundi, ndiye atafute jina la mgonjwa mmoja na kusoma tarehe ya miadi yake. Akiikosa, bado ipo Jumapili nzima ya kujua kwa nini.