Dawa ya Mtoto Isiwe Lishe ya Kuku

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa miradi ya nyumbani tutazungumza habari za kuku. Lakini kabla sijamshauri mwingine, yanipasa nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kuku wa kienyeji 23. Mama mwenye kuku anajua maana yake: daftari la mtoto, sabuni, chumvi, hata nauli ya kwenda msibani, vyote hutoka bandani bila kumsumbua baba. Asubuhi moja ya kiangazi nikakuta matetea wawili wamesinzia, mabawa yameshuka, wanaharisha kijani. Kesho yake walikuwa sita. Nikahangaika. Wakati huo mwanangu wa miaka sita alikuwa anatumia vidonge vya amoksilini kwa ajili ya sikio lililokuwa linatoa usaha. Alikuwa amekunywa siku tatu, maumivu yamekwisha, anacheza. Nikajiambia, "Huyu amepona." Nikavifungua vidonge vilivyobaki, nikamimina unga wake katika maji ya kuku.

Kufika Jumapili walibaki wawili. Na baada ya muda si mrefu sikio la mtoto likaanza tena kutoa usaha. Muuguzi aliniuliza swali moja tu: "Mama, dozi mlimaliza?" Nilitazama chini. Ningemwambiaje kwamba dawa ya mwanangu niliwapa kuku, na kuku wenyewe wakafa?

Siku ile nilijifunza jambo ambalo wengi wetu hatujaambiwa. Ugonjwa ulioua kuku wangu ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huletwa na virusi. Amoksilini, tetrasaiklini na ndugu zao wote ni antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Haziui virusi. Hata ungewamwagia kuku kopo zima, mdondo utaendelea na safari yake. Mdondo hauna dawa, una chanjo.

Lakini wako akina mama wanaotumia antibiotiki hata kwa kuku wazima. Jirani yangu anafuga kuku wa nyama. Kila siku huweka kijiko cha unga katika maji ya vifaranga. Nilipomuuliza akasema, "Ni vitamini ya kukuzia." Tukasoma maandishi ya pakiti pamoja. Vitamini zilikuwemo kweli, ila mwanzoni kabisa paliandikwa oksitetrasaiklini. Jirani yangu hakuwa na nia mbaya. Dukani aliambiwa kuku watakua haraka, naye akaamini.

Jambo hili lina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad, waliona kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa antibiotiki moja walinenepa kuliko wenzao. Basi wafugaji wa nchi nyingi wakaanza kuchanganya dawa kidogo kidogo katika chakula. Madhara yakaonekana baadaye. Bakteria wanaopewa dawa kidogo kila siku hawafi wote. Wanaobaki ni wale sugu, nao huzaana. Usugu huo haubaki bandani. Hutoka na kinyesi, hushika mikono yetu tunapochinja, huingia jikoni. Siku mtoto anapougua, dawa aliyoandikiwa haifanyi kazi.

Kwa sababu hiyo Sweden ilikataza antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zikafuata tarehe 1 Januari 2006. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2017 kwamba mifugo wazima wasipewe antibiotiki kwa ajili ya kukua.

Sasa mtaniuliza: tukiacha unga ule, kuku watakuaje? Tujiulize kwanza ni kitu gani kinachomdumaza kuku. Mara nyingi ni ugonjwa. Kifaranga mwenye vimelea vya kuhara damu hula pumba zako bure, maana utumbo wake umeharibika, chakula hakimjengi mwili. Mzuie asiugue, naye atakua kwa chakula kile kile. Hapo ndipo wataalamu wengi wanapoelekeza macho yao leo: kutafuta chanjo zitakazoufundisha mwili wa kuku kupambana wenyewe na wadudu wa tumboni. Chanjo ya kuhara damu ipo tayari, na katika nchi nyingi vifaranga hupewa wakiwa wadogo kabisa. Utafiti wa chanjo dhidi ya bakteria wanaooza utumbo wa kuku nao unaendelea.

Kwa sisi wa Katavi wenye kuku wanaojitafutia uani, tuanze na chanjo iliyo karibu: ile ya mdondo iitwayo I-2. Mbegu yake ilitoka Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, kwa kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake. Walichagua kirusi kisichomdhuru kuku na kinachovumilia joto, kwa kuwa waliwafikiria watu wa vijijini wasio na jokofu. Hapa kwetu chanjo hii hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Profesa Philemon Wambura wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, amewahi kuchunguza hata namna ya kuipaka kwenye mchele uliotiwa mafuta ili kuku waile. Lakini njia tunayoitegemea ni tone la jichoni.

Fanyeni hivi. Anzeni mapema asubuhi kuku wakiwa bado bandani. Mmoja amshike kuku na kumlaza kichwa upande, mwingine adondoshe tone moja katika jicho moja. Msimwachie mpaka tone lisambae jichoni. Kifaranga na jogoo wote ni tone moja. Rudieni kila baada ya miezi mitatu, wala msiruke ile ya kabla ya kiangazi, wakati mdondo unapovuma. Kuvumilia joto si kuvumilia jua: ifungeni chupa katika kitambaa chenye unyevu, iwekeni ndani ya kikapu, kivulini. Ikishafunguliwa, imalizeni siku hiyo hiyo. Na msisubiri mpaka kuku waanze kufa, kwa sababu chanjo huhitaji kama wiki mbili kuujenga mwili, na kuku aliyekwisha kuugua haimponyi.

Chupa moja huchanja kuku wengi kuliko wa mama mmoja. Hapa mtaani tunachanga akina mama sita au saba, tunanunua chupa moja, tunazunguka nyumba hadi nyumba. Ukichanja peke yako na jirani asichanje, ugonjwa utabaki mlangoni pako. Mwulizeni pia bwana mifugo wa kata yenu habari za kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Bariadi mwezi Juni 2025. Kuku wa asili wamo.

Mnaofuga kuku wa nyama au wa mayai, mkinunua vifaranga ulizeni wamechanjwa nini huko walikototolewa, kisha mfuate ratiba ya mdondo na gumboro bila kuruka siku. Mengine ni kazi ya mikono yetu: maranda makavu, maji safi, vifaranga wasisongamane, wageni wasiingie bandani na viatu vya sokoni. Banda chafu huishinda hata chanjo nzuri.

Sisemi antibiotiki ni sumu. Kuku akiugua ugonjwa wa bakteria, mtaalamu akaandika dawa, mpe dozi yote. Kisha soma kwenye pakiti ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai yake. Mayai ya siku hizo usiyapeleke sokoni. Yule atakayeyanunua naye ana watoto kama wewe.

Jirani yangu ameacha unga wake. Alichanja kundi lililofuata, akabadilisha maranda kila yalipolowa, akauza kuku wake kwa uzito ule ule. Fedha ya unga alinunulia mtoto viatu. Mimi nami nina kuku 31 sasa, na mwanangu amekuwa kijana mrefu. Lakini sikio lile bado husikia kwa shida. Kila ninapomwita mara mbili asigeuke, nakumbuka vile vidonge.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama mwenzangu, leo jioni fungua kabati lako. Dawa za watoto zibaki za watoto. Za kuku mwulize bwana mifugo, na la kwanza umwulize ni chanjo.

Tukutane mwezi ujao.